Jibu la Upondo

Baina ya kisiwa cha Manda na bara, katika visiwa vya Lamu, kuna mlango mwembamba wa bahari uitwao Mkanda, wenye mikoko pande zote mbili, ambao vyombo vitokavyo mji wa Lamu kwenda Pate, Siyu na Faza huupita maji yakijaa na huungoja maji yakikupwa. Chombo cha kupimia ambacho mabaharia wa madau na mashua wamekitegemea mahali kama hapo kwa vizazi vingi ni upondo, yaani mti mrefu mwembamba ambao kazi yake inayojulikana zaidi ni kusukumia chombo pale tanga linapokosa upepo, lakini ambao kila unapochomwa majini huleta pia habari: umegota au haukugota, umegota penye mchanga, penye tope au penye jiwe, na umezama kiasi gani. Habari hiyo humfikia mwenye kuushika kwa njia ya kiganja, papo hapo, wala haimlazimu aache alichokuwa akikifanya ili aipokee, kwa sababu kusukuma na kupima ni tendo moja. Kilindini upondo hauna kazi, na huko mabaharia walitumia bildi, yaani uzito wa risasi uliofungwa kwenye kamba. Na meli zinazofika katika bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, hupima kina kwa mawimbi ya sauti. Upondo umebaki kuwa chombo cha maji machache, cha mahali ambapo hatari iko karibu na jibu linatakiwa mara moja.

Katika uandishi wa programu za kompyuta kiko chombo cha tabia hiyo hiyo, kiitwacho ghcid, kinachostahili kutazamwa kwa makini si kwa ukubwa wake, kwa maana hakina ukubwa, bali kwa sababu udogo wake umekusudiwa. Ili kieleweke, yafaa kwanza kueleza kompaila ni nini. Programu huandikwa na binadamu kwa lugha yenye maneno na sarufi yake, ilhali mashine haifahamu ila amri za tarakimu. Kompaila ni programu inayosoma maandishi ya binadamu, ikayakagua kama yamefuata kanuni, kisha ikayafasiri yawe amri hizo. Maandishi yakiwa na kosa, kompaila hukataa kufasiri na kutoa ujumbe unaotaja faili, mstari na sababu ya kukataa. Terminali nayo ni dirisha la maandishi matupu, lisilo na picha wala vitufe vya kubofya, ambamo mtumiaji huandika amri na kompyuta ikamjibu kwa maandishi. Chombo cha ghcid, kilichoanzishwa mwaka 2014 na Neil Mitchell wa Uingereza, hukaa ndani ya dirisha hilo na karibu hakina kazi nyingine ila moja: kila mara mwandishi anapohifadhi faili yake ya lugha ya Haskell, huiambia kompaila isome upya sehemu zilizobadilika, kisha huyaweka wazi makosa yaliyopatikana. Mwandishi haombi. Huhifadhi tu faili, kama baharia anavyosukuma tu, na jibu huja.

Ukaribu huu wa jibu haukuwapo zamani. Kundi la John Backus lilipotoa kompaila ya Fortran katika kampuni ya IBM mwaka 1957, programu zilitobolewa kwenye kadi ngumu za karatasi, mstari mmoja kwa kadi moja yenye safu 80, na bunda la kadi likakabidhiwa kwa wahudumu wa mashine, ambao waliliweka kwenye foleni pamoja na mabunda ya watu wengine. Mwandishi alirudi baadaye, pengine baada ya saa kadhaa na pengine kesho yake, kupokea karatasi iliyochapishwa, na haikuwa ajabu karatasi hiyo kumwambia kwamba amesahau koma. Koma moja iligharimu siku. Chini ya utaratibu huo watu walijizoeza kuipitia kazi yao kwa penseli mara nyingi kabla ya kuikabidhi, na kosa lilikuwa na uzito wa jambo la hadharani, kwa kuwa lilikuwa limekula zamu ya mashine ambayo mwenzao angeweza kuitumia.

Kompyuta ndogo zilipoenea, umbali huo ulipungua. Turbo Pascal, iliyotengenezwa na Anders Hejlsberg na kuuzwa na kampuni ya Borland kuanzia mwaka 1983, iliweka mahali pa kuandikia na kompaila ndani ya programu moja, jibu likawa la sekunde. Lakini wepesi si mali ya kuwekwa akiba. Programu hukua, na kila zinapokua foleni hurejea kwa sura nyingine. Rob Pike ameeleza kwamba wazo la lugha ya Go lilizaliwa mwaka 2007 katika kampuni ya Google, wakati programu kubwa ya lugha ya C++ aliyokuwa akiishughulikia ilipochukua dakika kama 45 kufasiriwa, na hiyo ni baada ya kazi kugawanywa kwa kompyuta nyingi. Dakika 45 zinatosha kumtoa mtu mjini Lamu hadi Shela kwa miguu, ufuoni. Na atakapofika huko, lile alilokuwa akiliwaza alipobonyeza kitufe litakuwa limekwisha kupeperuka.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mwaka 1968 Robert Miller wa IBM alichunguza muda ambao mtu anaweza kumngoja mwenzake wa mashine bila mazungumzo kukatika, na mwaka 1993 Jakob Nielsen alizieneza hesabu hizo kwa mipaka mitatu inayotajwa hadi leo: sehemu moja ya kumi ya sekunde, ambamo mtu huona kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetenda, sekunde moja, ambamo huhisi kuchelewa lakini mtiririko wa fikra haukatiki, na sekunde 10, ambazo zikipita macho na akili hutafuta kazi nyingine. Mipaka hii haikupimwa kwa ajili ya kompaila, wala si sheria ya maumbile, ila inaeleza kwa nini jibu la sekunde moja na jibu la dakika moja si jibu moja lenye kasi mbili. La kwanza humkuta mwandishi akiwa bado ndani ya wazo lililozaa kosa. La pili humkuta nje, na humlazimu kurudi kubisha hodi kwenye wazo lake mwenyewe.

Lipo pia jibu lililo baya kuliko la kuchelewa, nalo ni jibu la swali jingine. Mwaka 1976, katika maabara za Bell, Stuart Feldman aliandika programu ya make, ambayo huamua ni faili zipi zinahitaji kufasiriwa upya, baada ya mwenzake Steve Johnson kupoteza asubuhi nzima akiwinda kosa ambalo alikuwa amekwisha kulisahihisha: faili iliyosahihishwa haikuwa imefasiriwa upya, na mashine ikaendelea kuendesha maandishi ya zamani kwa uaminifu wote. Mashine haikusema uongo. Ilisema kweli ya jana. Upondo, kwa umbile lake, hauwezi kuleta kina cha jana, na mtu anayefikiri kwamba kasi ndiyo sifa yake ya pekee ameiacha sifa hii ya pili, ambayo pengine ndiyo kubwa zaidi.

Lamu yenyewe imewahi kuwa na mtu mmoja ambaye maisha yake ya kazi yanaionyesha tofauti ya majibu waziwazi kuliko nadharia. Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwanamuziki, mchongaji na mnakili wa hati, na kazi hizo mbili zilizotajwa mwisho zilisimama pande mbili za umbali unaozungumzwa hapa. Mchongaji akigonga patasi juu ya mbao hupata jibu kabla nyundo haijainuka tena: mlio huwa mmoja patasi inapofuata nyuzi za mti na huwa mwingine inapozikata, kibanzi huruka kizima au huchanika, na mkono hujirekebisha kabla akili haijapata neno la kuliita lile lililotokea. Mnakili hana bahati hiyo. Kijuma aliwanakilia tenzi wataalamu wa Ulaya, miongoni mwao Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, ambaye alikuwapo Lamu mwaka 1936 na 1937, na alinakili kwa hati ya Kiarabu, ambayo kwa desturi yake ya kale haitenganishi baadhi ya sauti za Kiswahili, kama vile e na i au o na u, hata msomaji hulazimika kuijua lugha kabla ya kuisoma. Nukta iliyokosewa katika hati ya namna hiyo haina mlio. Wino hukauka, karatasi hukunjwa, hati hupanda meli, na swali lililopaswa kuulizwa huko Lamu huulizwa London miezi baadaye, au haliulizwi kabisa, bali msomaji hukisia na makisio yake yakapigwa chapa.

Ni rahisi kuhitimisha kwamba mchongaji ana heri kuliko mnakili, lakini mizani haijakaa sawa bado. Jibu la mbao ni la papo hapo, na vilevile ni la milele: kibanzi kilichoruka pasipo pake hakirudi, na fundi hana budi ama kubadilisha ua zima lililo kwenye nakshi ili kosa limezwe humo, ama kuutupa ubao. Mnakili, kwa upande wake, anaweza kuandika upya ukurasa, iwapo tu atajua kwamba umekosewa. Hata upondo hauko huru na kasoro hii, maana hupima mahali ambapo chombo kimekwisha fika, na nahodha anayeambiwa kwamba maji yamekwisha huwa ameambiwa akiwa amepanda fungu. Karibu kila kazi ya mikono humpa mtu mojawapo: jibu la haraka lisilorudishika, au nafasi ya kurudi pasipo jibu. Uandishi wa programu wenye chombo kama ghcid ni miongoni mwa kazi chache zinazotoa yote mawili kwa pamoja, kwani kosa hujulikana mara moja na hufutika bila alama. Jambo hilo halizungumzwi inavyostahili na wale wanaoisifu kasi, na ndilo linalobadilisha tabia ya mtu mbele ya kosa lake. Kosa lililokuwa hasara, na kabla ya hapo aibu mbele ya foleni, hugeuka kuwa namna ya kuuliza.

Kwa karibu, kazi yenyewe huonekana hivi. Upande mmoja wa skrini kuna kihariri chochote, yaani programu ya kuandikia, anachokipenda mwandishi, kwa kuwa ghcid haitegemei kihariri fulani. Upande wa pili kuna dirisha jembamba la terminali lenye mistari michache. Mwandishi anahifadhi faili. Dirisha linafutwa lote, na mahali pa maandishi ya awali panatokea jina la faili, namba ya mstari, namba ya safu na maneno ya kompaila, yakikatwa yasizidi urefu wa dirisha, ili kosa la kwanza lisije likasukumwa juu na la ishirini likatoweka machoni. Mwandishi anasahihisha, anahifadhi, dirisha linafutwa tena, na safari hii hakuna ila maneno mawili ya Kiingereza yenye maana kwamba mambo ni sawa, pamoja na idadi ya moduli, yaani sehemu za programu, zilizokaguliwa. Kufuta huku kwa dirisha kunakumbusha ubao wa mti wa vyuo vya Kurani vya pwani, ambao mtoto aliandikiwa somo kwa wino, akalisoma mbele ya mwalimu aliyemsahihisha herufi ikiwa bado mdomoni, na alipolihifadhi ukaoshwa upokee somo jingine. Ubao haukuwa daftari la makosa ya jana. Ulibeba kinachohitajika sasa tu.

Siri ya wepesi huo inafaa kufafanuliwa, kwa sababu si ya kimiujiza. Kompaila ya Haskell iitwayo GHC, iliyoanza kujengwa katika Chuo Kikuu cha Glasgow, si nyepesi hata kidogo. Hula kumbukumbu ya kompyuta kwa ukarimu na huchukua muda mrefu kutoa programu iliyokamilika, kwa kuwa huyapitia maandishi tena na tena ikitafuta njia ya kuyafanya yaende mbio. Lakini inayo pia hali ya mazungumzo, iitwayo GHCi, ambayo huiacha kompaila ikiwa macho, ikikumbuka kila ilichokwisha kukisoma, na isishughulike na kutafuta mbio hizo. Chombo cha ghcid huiwasha hali hii mara moja, huziangalia faili, na zinapobadilika huomba zisomwe upya zile tu zilizoguswa pamoja na zinazozitegemea. Kwa maneno mengine, hupata haraka kwa kuacha nusu ya kazi, ile ya kutengeneza chombo cha kusafiria, na kushika nusu ya kukagua. Wazo hilo hilo lipo kwa wengine pia. Katika lugha ya Rust, kwa mfano, chombo kiitwacho bacon, cha Denys Séguret, hukesha hivyo hivyo kikiendesha ukaguzi usiozalisha programu.

Yapo mambo mengi ambayo ghcid haifanyi, na orodha ya hayo ndiyo wasifu wake wa kweli. Haikamilishi neno ambalo mwandishi ameanza kuliandika, haipendekezi marekebisho, haihamishi kielekezi, haichori mistari myekundu chini ya maneno. Ikiombwa, inaweza kuendesha majaribio ya programu pale tu kompaila inapokuwa haina la kulalamikia, na zaidi ya hapo ni machache. Vihariri vikubwa vya kisasa hufanya hayo yote na mengine, na ni upuuzi kudai kwamba havina faida. Ila kila huduma vinayoiongeza ni kiungo kingine kinachoweza kuvunjika, na chombo cha kutoa habari kikivunjika kimyakimya humrudisha mtu kwenye asubuhi ile ya Johnson. Mwandishi wa programu aliyeko Langoni au Mkomani, mitaa ya mji wa Lamu, mwenye kompyuta ya mtumba yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, katika mji ambao kwa miaka mingi ulipata umeme wake kutoka jenereta za dizeli na ambako mtandao haujawa kitu cha kuapia, ana sababu ya kuuthamini udogo kuliko mwenzake wa jiji kubwa. Mzigo wa kompaila hauwezi kumwepuka. Mzigo unaowekwa juu yake anaweza kuuchagua, na chombo kinachokagua bila intaneti na kinachoanza upya kwa amri moja baada ya umeme kurudi ni chombo kinachomjua.

Kwa sifa hizi zote kuna ugonjwa unaofuatana nazo. Jibu likiwa jepesi mno, mtu huacha kujiuliza kabla ya kuuliza. Hubadilisha alama hii, akahifadhi, akatazama. Akabadilisha ile, akahifadhi, akatazama. Mpaka dirisha likasema sawa, na yeye asijue kwa nini. Anayefanya hivi hapimi maji, anabahatisha kwa mti mrefu. Wale wa zama za kadi, waliosoma kwa penseli kwa kuwa hawakuwa na hiari, walijenga ndani ya vichwa vyao kompaila ndogo yenye subira, na si haki kuwadhihaki kwa hilo. Hata hivyo tafakari hii haikubali kwamba dawa ya uvivu ni kuurudisha umaskini wa mashine, kama vile hakuna anayemshauri baharia autupe upondo ili akili yake izidi kunoleka.

Kikwazo kingine ni cha lugha, nacho kinagusa pwani hii kwa karibu. Ujumbe wa kompaila huja kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha watu wa fani, na ghcid huupitisha kama ulivyo. Kwa kijana ambaye Kiingereza ni lugha ya darasani na Kiamu ni lugha ya nyumbani, jibu hufika skrini kwa nusu sekunde na hufika akilini kwa dakika tano, na hizo dakika tano hazionekani katika kipimo chochote cha kasi. Evan Czaplicki, mwanzilishi wa lugha ya Elm, alijulikana kwa kuzichukulia jumbe za makosa kama maandishi yanayostahili uhariri, yaliyoandikwa ili yasomwe na mtu, na kazi yake imeigwa na wengine. Lakini hata uhariri huo ulifanywa kwa Kiingereza, na mpaka jumbe hizo zitakapopata mhariri wa Kiswahili, sehemu ya umbali ule wa zamani itabaki mahali pake, imehama tu kutoka kwenye mashine kwenda kwa msomaji.

Mpaka mkubwa zaidi, hata hivyo, haumo katika chombo wala katika lugha ya ujumbe, bali katika kile ambacho kompaila imeambiwa ikitazame. Ichukuliwe programu ndogo ya kumjulisha msafiri saa ambayo Mkanda utapitika. Kutoka maji kujaa hadi kujaa tena hupita saa 12 na dakika kama 25, kwa hiyo kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika chache. Na wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, pwani hii huyaona maji yakijaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na yakikupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Sasa, Kiswahili huhesabu saa kuanzia macheo na machweo, ilhali saa ya kompyuta huhesabu kuanzia usiku wa manane, na baina ya hesabu hizo mbili kuna tofauti ya saa 6. Mwandishi akilipokea kwa nahodha neno saa kumi ya alasiri, akaliandika 10, na sehemu nyingine ya programu ikaisoma 10 hiyo kwa hesabu ya kompyuta, msafiri ataambiwa awahi Mkanda saa nne ya asubuhi. Kosa la saa 6 linakaribia kabisa nusu ya mwendo wa maji, hivyo halimpeleki msafiri mapema kidogo au kuchelewa kidogo, bali huligeuza kila jibu la kujaa kuwa jibu la kupwa. Atalikuta tope na mikoko iliyoachwa mizizi wazi.

Kompaila haitasema lolote juu ya hilo. Kwayo 10 ni tarakimu na 10 nyingine ni tarakimu, zinajumlishwa na kutolewa bila shida, na ghcid itatangaza kwa kasi yake ya kawaida kwamba mambo ni sawa. Lugha ya Haskell, iliyopewa jina la mwanamantiki Haskell Curry, ina njia ya kuliondoa kimya hilo, kwa kuwa kila kitu ndani yake kina aina, na aina ni tamko la ni kitu gani kinachoruhusiwa kukaa wapi. Mwandishi anaweza kutangaza aina mbili mpya, SaaYaKiswahili na SaaYaKimataifa, kila moja ikiwa imebeba tarakimu ile ile ndani yake bila kuongeza uzito wowote programu inapoendeshwa, pamoja na mahali pamoja tu ambapo moja hugeuzwa kuwa nyingine. Anahifadhi, na dirisha lililokuwa tulivu linajaa. Mstari wa 14: ilitarajiwa SaaYaKimataifa, imekutwa SaaYaKiswahili. Mstari wa 31, hivyo hivyo. Kila pahali ambapo hesabu mbili zilikuwa zimechanganywa pasipo mtu kujua panajitokeza kwa jina, na mwandishi anashuka na makosa hayo moja moja, akihifadhi na kutazama, makosa 9, kisha 7, kisha 2, huku kila jibu likimkuta angali anakumbuka ni kwa nini aliandika mstari ule. Hapa kasi inafanya kazi iliyoumbiwa, kwa sababu sasa kuna swali nyuma yake. Na swali hilo halikutoka kwa kompaila, wala kwa ghcid, bali kwa mtu anayejua kwamba saa kumi ya nahodha si 10 ya mashine.

Jedwali litakalotoka katika programu hiyo litakuwa sahihi kwa kadiri ya mwezi na hesabu. Fungu la mchanga ambalo maji ya bamvua lililopita yalilisogeza halimo ndani ya jedwali, wala hakuna aina inayoweza kulitangaza. Siku ya safari, alasiri, mashua ikiingia Mkanda kwa saa iliyotajwa, mtu mmoja husimama omo, na upondo hupanda kutoka majini ukiwa na alama ya unyevu juu ya mti: mikono mitatu, kisha miwili na nusu, kisha mitatu tena.